Multe za Oddvar

"Miaka arobaini nimelala kitanda kimoja na huyu mwanamume, na hata siku moja sijamuuliza multe zake anachumia wapi. Na akitangulia kufa, sitamuuliza mtu mwingine!"

Solfrid aliyasema hayo amesimama, glasi mkono huu, kijiko mkono ule, kwenye ukumbi wa kijiji cha Steinlia, siku ya karamu ya kutimiza miaka arobaini ya ndoa yake. Watu wakapiga meza. Mzee mmoja akafuta machozi. Kwa watu wa huku, hakuna neno la mapenzi lililozidi hilo jioni ile, ukijumlisha na hotuba ya Oddvar mwenyewe, ambayo yote ilikuwa hivi: "Asanteni kwa kuja. Chakula kipo."

Multe ni tunda dogo la manjano linaloota kwenye vinamasi vya milimani, moja kwa kila shina, na ukilipanda bustanini linakudharau. Mtu akigundua mahali zinapoota kwa wingi, hapo ni siri yake mpaka kaburini. Mtu wa Steinlia akilewa atakuambia mshahara wake, atakuambia alivyomdhulumu kaka yake mashua. Anakochumia multe hakuambii. Na kumuuliza ni ukosefu wa adabu, ni kama kumfungulia mlango wa choo akiwa ndani.

Solfrid alikuwa bingwa wa kutouliza. Maisha yake yote ya kazi aligawa barua, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa gari la posta. Alijua nani anaandikiwa na mahakama na nani anapata kadi kutoka kwa mwanamke wa Bergen. Alitumbukiza kwenye sanduku, akafunga kifuniko, akaenda zake. Hata uchumba wake ulikwenda hivyo hivyo. Oddvar, dereva wa lori la maziwa, alimsimamisha siku moja barabarani akasema, "Nimejenga chumba cha pili." Solfrid hakuuliza cha nini. Aliuliza kama kina dirisha. Kilikuwa nalo, wakaoana. Binti yao Ragnhild husema hilo ndilo swali zito kuliko yote mama yake aliyowahi kumuuliza baba yake.

Kila mwaka, mwanzoni mwa Agosti, walikwenda siku chache kwenye kibanda chao cha mlimani, chini ya kilele cha Gråvola. Solfrid na Oddvar, Ragnhild, na marafiki wao wa tangu ujana, Kolbjørn na mkewe Aud. Mimi niliingizwa na Ragnhild. Tulianza pamoja chuo cha ufundi umeme, mpaka mimi na umeme tulipokubaliana kila mtu ashike njia yake, yeye alimaliza. Kibanda hakina umeme, kwa hiyo huko tuko sawasawa.

Siku ya pili, kila mwaka, ilikuwa siku ya Oddvar. Aliamka kabla ya wengine, akatoa ndoo nyeupe msumarini, akatoka. Sisi tuliokuwa macho tuligeukia ukutani. Sifanyi mzaha. Aud, kama yuko nje anapiga mswaki, alifumba macho kabisa huku povu likimshuka kidevuni, asije akaona mtu ameelekea upande gani. Alasiri Oddvar alirudi, ndoo imejaa, akaiweka mezani, akakaa kuvua mabuti.

"Naona umetembea," Kolbjørn akasema.

"Nimetembea kidogo," Oddvar akajibu.

Basi, shangwe yenyewe ndiyo hiyo. Solfrid akapiga krimu, akachanganya multe, tukala bila maneno. Na kila mwaka, akimpa mumewe bakuli la kwanza, alimtazama usoni muda mrefu kidogo kuliko bakuli linavyohitaji. Siku hiyo uso wa Oddvar ulikuwa umekunjuka, kama wa mtu aliyetoka kanisani mchungaji akiwa amehubiri kwa kifupi. Huko alikokuwa, popote pale, alikuwa ameona raha.

Oddvar alikufa Aprili, akiwa kwenye foleni ya karakana, amekwenda kubadilisha matairi ya theluji. Moyo. Nyuma yake walipiga honi, halafu wakaona aibu kwa kupiga honi, halafu mtu akaenda kumgongea kioo. Solfrid aliwapikia kahawa waliokuja msibani, akawashukuru mmoja mmoja, na walipoondoka akayapeleka mwenyewe yale matairi yakabadilishwe. Nilidhani mwaka huu likizo haipo. Mwezi wa sita akampigia simu kila mtu: "Tunakwenda kama kawaida."

Tulifika Alhamisi, tukaacha magari chini kwenye geti, tukapanda kwa miguu na mizigo yetu. Solfrid alipofungua mlango hakutazama kitanda, hakutazama kiti cha Oddvar. Alitazama ndoo. Ilikuwa msumarini. Kila aliyeingia nyuma yake aliitazama, kisha akajifanya anatafuta mahali pa kuweka jibini.

Jioni, Kolbjørn na Aud wakiwa nje na moto wa soseji, tulikuwa tunaosha vyombo. Solfrid aliosha, Ragnhild akasuuza, mimi nikafuta. Ghafla Solfrid akasema, uso wake kwenye beseni:

"Makaburini hayupo."

Ragnhild akaacha kikombe.

"Nimekwenda kila Jumapili," Solfrid akaendelea. "Pana jiwe zuri, jina limeandikwa vizuri. Hayupo. Nyumbani hayupo. Hata hapa hayupo, nimeangalia. Kama yupo mahali, yupo huko alikokuwa anachumia. Nataka nikakae huko kidogo. Multe zenyewe kila mtu ale zake."

"Basi muulize Kolbjørn, mama."

"Kolbjørn anajua nini?"

"Anajua! Mwaka ule baba alipoteguka mguu si alikwenda naye?"

"Nilisema mbele ya watu kwamba sitauliza."

"Mama, nusu ya hao watu wameshakufa!"

"Nusu iliyobaki ina masikio," Solfrid akasema, akanipa sufuria.

Asubuhi ya Ijumaa nilisikia mabuti sakafuni. Nikafumbua jicho moja. Solfrid amesimama na koti la Oddvar, anatoa ndoo msumarini. Na mwili wangu, bila kunishauri, ukageukia ukutani. Nikasikia kitanda cha juu kinalia: Ragnhild naye kageuka. Mlango ukafungwa taratibu.

Alirudi alasiri, ameloa mpaka kiunoni, ndoo tupu. Akaitundika. Tukakaa mezani. Hakuna aliyejua aseme nini, maana maneno ya siku hiyo tulikuwa nayo mawili tu na yote yalikuwa ya Oddvar na Kolbjørn. Mwishowe Aud akafungua kopo la mananasi. Tukala mananasi ya kopo na krimu, mlimani, Agosti. Sijawahi kula kitu chenye huzuni kama kile.

Baada ya chakula nilikwenda nyuma kuchukua kuni, nikawakuta Aud na Kolbjørn wanasutana kwa sauti ya chini.

"Mwambie tu," Aud alikuwa anasema. "Una moyo wa nini wewe? Umemwona alivyoloa?"

"Hajaniuliza."

"Na hatakuuliza! Humjui Solfrid? Nyumba ikiungua atakaa humo humo asubiri kuambiwa."

"Nilimuahidi Oddvar. Nikisema bila kuulizwa, nimemgeuka. Nikiulizwa, hiyo ni kesi nyingine."

"Mmoja hasemi mpaka aulizwe, mwingine haulizi mpaka aambiwe," Aud akasema. "Nimeishi na nyinyi umri wangu wote. Nilistahili mume wa Kiitaliano."

"Hata sasa hujachelewa," Kolbjørn akasema, akamrundikia kuni mikononi.

Jumamosi ikaamka na ukungu. Mabuti tena sakafuni, ndoo tena, nasi tena ukutani kama watoto wanaolazimishwa kulala mchana. Mchana ukafika. Alasiri ikafika. Kahawa ikachemshwa mara mbili, ikawa chungu. Ragnhild alikuwa wa kwanza kusema.

"Ameelekea upande gani?"

Kolbjørn akakoroga kahawa yake isiyo na sukari.

"Nauliza, mama kaelekea wapi?"

"Mimi niligeukia ukutani," nikasema.

"Na mimi," akasema Kolbjørn.

"Mimi nilikuwa nje," akasema Aud, na tukamgeukia wote kwa tumaini. "Lakini nilifumba macho."

Watu wazima wanne, wenye akili zao, mmoja na diploma kamili, na mwanamke mwenye umri wa bibi ametuondokea mbele ya pua kwenye mlima wenye vinamasi, na hakuna aliyeona, kwa heshima. Ragnhild akaanza kutafuta tochi huku akitukana kwa machozi. Akatutukana sisi, akajitukana yeye, akamtukana na baba yake.

Kolbjørn akavaa koti. "Atakuwa amefuata kijito. Asiyejua huanzia huko. Ragnhild, baki na Aud, ukungu ukizidi pigeni sufuria tusikie. Wewe," akaninyooshea kidole, "chukua ule ubao wa kitanda."

Tulipanda kando ya kijito, yeye mbele, mimi na ubao nyuma. Tulimsikia kabla ya kumwona. Hakuwa anaita msaada. Alikuwa anautukana usubi, kwa sauti ya kawaida kabisa, matusi ambayo sikujua mtu wa posta anayajua.

Mguu mmoja ulikuwa umezama topeni mpaka juu ya goti. Mwingine ameukunja juu ya kichaka. Ndoo imekaa pembeni yake na ndani mna multe chache mbichi, nyekundu, ngumu kama shanga.

"Habari za hapo," Kolbjørn akasema.

"Nzuri tu."

"Umekaa sana?"

"Kidogo."

Nikalaza ubao. Kolbjørn akatambaa juu yake, akanyoosha mkono. Solfrid hakuushika.

"Kolbjørn," akasema. "Oddvar alikuwa anachumia wapi?"

Kolbjørn akabaki mkono umeganda hewani, kama mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni. Hata mimi niliona haya, na mimi si wa huku kwa kuzaliwa.

"Toa mguu kwanza."

"Sitoi."

"Solfrid, unazama."

"Nazama polepole. Sema."

Kolbjørn akanigeukia. "Wewe, hebu angalia kule."

"Kule wapi? Ukungu mtupu."

"Angalia ukungu."

Nikageuka nikaangalia ukungu. Masikio hayana mahali pa kugeukia.

"Hakuna mahali," Kolbjørn akasema nyuma yangu.

"Hakuna maana yake nini?"

"Palifukiwa. Walipochonga barabara ya ile mitambo ya umeme wa upepo. Walimwaga kokoto, wakafanya mahali pa malori kugeuzia. Kinamasi chote kiko chini ya kokoto."

"Hiyo barabara ni ya zamani, Kolbjørn. Ndoo zilikuwa zinajaa."

"Alizijaza njia panda, kwa Gunnvor muuza multe."

"Alikuwa ananunua?"

"Alikuwa ananunua."

Nilisubiri acheke au alie. Alisema, "Na wewe unakaa mezani kwangu unamwambia, naona umetembea."

"Alikuwa ametembea!" Kolbjørn akajitetea. "Mpaka kwenye geti kwa njia ya nyuma, halafu gari, halafu kupanda tena. Ni mwendo ule!"

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angeanzaje? Hakuna aliyemuuliza."

Tope likatoa sauti yake ya kunyonya. Kisha Solfrid akauliza tena, na safari hii sauti ilikuwa ndogo.

"Njia panda ni kwenda na kurudi tu. Na yeye alikuwa anaondoka alfajiri. Mchana wote huo alikuwa wapi?"

"Nipe mkono," Kolbjørn akasema, "nikuonyeshe."

Akampa. Tulivuta. Mguu ukatoka, buti likabaki, na liko huko mpaka leo. Nikampa soksi yangu na mfuko wa plastiki wa kuvalia juu yake. Tukapanda, yeye katikati, mguu mmoja buti na mwingine ukichakarisha kama mtu anayetoka dukani.

Pale juu hapana kitu. Ni kiwanja cha kokoto, alama za matairi, na nguzo ya mtambo ambayo kichwa chake kilikuwa kwenye mawingu, panga likipita pwu, pwu, bila kuonekana. Kando, ukingoni kabisa, pana jiwe bapa. Kolbjørn akalifuta kwa mkono wa koti, jambo lisilo na maana kwani sote tulikuwa tope.

"Alikuwa anakaa hapa," akasema. "Na chupa yake ya kahawa. Mpaka muda wa mtu kuchuma ndoo nzima upite. Ndipo anashuka kwa nyuma kwenda kwa Gunnvor."

Solfrid akakaa. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka upande wa bonde, na kupitia pale ulipopasuka, chini kabisa, kidogo kama kiberiti, kilionekana kibanda. Mlango, bomba la moshi, kamba ya nguo. Ragnhild alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Aud alitoka na beseni, akamwaga maji, akaingia.

"Alikuwa ananiangalia," Solfrid akasema.

"Mwaka ule nilipokuja naye, kutwa nzima alikuwa anasema, sasa katoka. Sasa kaingia. Sasa katoka tena, anamwaga maji. Nilimwambia, Oddvar, huyu ni mkeo, utamwona jioni. Akasema nikae kimya."

Solfrid alikaa muda mrefu. Usubi ulimjaa usoni na hakuupunga. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha, hiyo ndiyo kazi yangu kwenye hizi likizo, na sikukipata.

"Siku hizo nilikuwa natokatoka nje bila sababu," akasema mwishowe. "Kuangalia kama anakuja. Nilikuwa naona haya Aud asije akaniona nasubiri, kwa hiyo nachukua beseni. Nilikuwa namwaga maji masafi."

Kolbjørn akavuta pumzi, akaangalia mabuti yake.

"Kuna jingine," akasema. "Sasa kwa kuwa umeshauliza. Oddvar alisema, Solfrid angeniuliza mara moja tu, ningemwambia. Ningemleta hapa tukakaa wote."

"Mpumbavu," Solfrid akasema.

Sikujua anamwambia nani. Pale juu tulikuwa watatu na marehemu, na kila mmoja wetu angeweza kulipokea. Akasogea upande mmoja wa jiwe, akaacha nafasi, na Kolbjørn alipotaka kukaa akamwambia, "Siyo wewe."

Tulisimama pembeni mpaka alipoinuka mwenyewe.

Jumapili tulifunga kibanda, tukashuka getini. Ragnhild aliendesha, Solfrid mbele, mimi nyuma na mifuko ya takataka, Kolbjørn na Aud wakitufuata na gari lao. Mguuni Solfrid alikuwa na kiatu cha ndani cha Oddvar. Tulipofika njia panda akasema, "Simama hapo."

Gunnvor ni mwanamke mnene mwenye meza ya kukunja na mwavuli wenye nembo ya benki. Juu ya meza zilikuwepo ndoo nyeupe zimepangwa, zile zile nilizozijua. Alituona, akainuka.

"Mwenye lori la maziwa yuko wapi mwaka huu?" akauliza kwa furaha. "Nimemwekea ya kwake tangu Ijumaa, nawafukuza watalii wa Kijerumani wanaoitaka."

"Amekufa," Solfrid akasema. "Mimi ni mkewe."

Gunnvor akashika kifua. "Pole sana. Ndiye wewe? Wewe ndiye unayependa zilizoiva sana?"

Solfrid akageuza uso kidogo, akatazama barabara, lori lilikuwa linapita. Lilipokwisha kupita akasema, "Ndiye mimi."

"Alikuwa anachambua moja moja, huyo. Anarudisha ngumu zote. Nikimwambia, mzee, unanimalizia mchana, anasema mke wangu ana meno yake lakini hapendi kuyatumia kwa multe." Akaileta ndoo kutoka chini ya meza, imefunikwa kitambaa, multe zimelegea na kung'aa kwa maji yao. "Naweza kuiuza kwa mwingine, usijilazimishe."

"Lete," Solfrid akasema.

Akaipakata magotini, na Ragnhild akafungua pochi. Nawaambia bila kuulizwa: ndoo ya lita tano, kwa Gunnvor, ni kroner elfu moja na mia mbili.